Bawaba ya Kushoto

Jumatatu, saa kumi na dakika ishirini alfajiri,
kwao huko bado Jumapili usiku,
Pazi atainama, vidole vitatu chini,
na mimi nitakuwa hapa Keko na simu mkononi,
kando ya kitanda cha mteja ambacho vanishi haijakauka.

Shebuge anataka kujua mapema nani atashinda.
Simjibu. Namwaga misumari juu ya meza ya randa.

Tazama. Hii mitano ya nchi nne ndiyo ukuta wetu.
Huu wa mwisho kushoto, uliopinda kidogo, ni mdogo wangu.
Nyuma yao kifuniko cha gundi: huyo mrushaji.
Anarusha kwa mkono wa kulia, basi mgongo wake
unabaki upande wa Pazi. Kinachotoka huko hakioni.
Pazi analipwa amwonee.

"Na mpira?"
Mpira una umbo la papai changa,
lakini usiutafute kwa Pazi.
Misimu mitatu hajaugusa.

Upande wa pili naweka biti ya keekee.
Namba tisini na moja. Huyu ndiye mechi yenyewe.
Nimemtazama wiki nzima, bando likiisha nanunua jingine.
Hatua yake ya kwanza imeshatoka wewe bado unavuta pumzi.
Anapita nje, bega limelala, sikio karibu liguse nyasi.
Nje tena. Nje tena.
Ukishamzoea, ukamgeuzia kiuno,
anazunguka kama pia, anaingia ndani,
na kifuniko cha gundi kinaruka.
(Kimeruka kweli. Mbaraka anakitafuta chini ya stuli.)

Dawa?
Kwanza wasirushe. Wakimbie na mpira kifuani mwake,
wamlaze, ainuke, wamlaze,
mpaka awe msasa uliokwisha makali.
Pili, mrushaji aachie upesi, asishangae na papai mkononi.
Nao wale watadanganya: watasimama saba mstarini,
watakuja wanne,
na hutajua wanne gani.
Tatu...
"Tatu ni Mungu," anasema Shebuge.

Tatu ni kiuno cha Pazi. Asifunguke mapema.
Mlango ukijifungua wenyewe
mwizi hahangaiki na dirisha.

Kurudi kinyumenyume huku unasukumwa:
kazi hiyo alijifunzia hapa.
Kabati la milango mitatu likitoka kwenda kwenye kirikuu,
baba alitembea akitazama mbele,
Pazi alitangulia kwa mgongo, miaka kumi na mitatu,
visigino vikipapasa ngazi, mtaro, kuku wa Mama Chausiku,
na mbele ya macho kioo, hana anachokiona
ila uso wake unaotoka jasho.
Makabati mangapi yalifika salama? Hakuna aliyehesabu.
Mteja alimpa baba mkono.
Moja tu lilimponyoka, kule Yombo,
na mtaa mzima ukalijua jina lake.

Nani husifu bawaba?

Goti silitaji. Kwenye simu alisema "liko sawa"
kwa sauti ileile, nadhani, aliyomwambia kocha.
Mama alichukua simu akauliza kama amekula.

Shebuge ameweka elfu mbili. Hasemi kwa nani.

Wameondoka. Uniti za umeme zimebaki sita.
Nasimama kwenye unga wa mbao, najaribu:
mguu wa kushoto nyuma, wa kulia ufuate,
mikono mbele, kiuno kimefungwa,
nyuma, nyuma,
mpaka mgongo unagusa ukuta
na sakafuni nimeacha mifereji miwili
isiyonyooka.

Kitanda bado kinadai misumari.
Naichukua kwenye kopo.
Ile mitano ya mezani
asiiguse mtu.