Rm Haina Jalala

Kioo cheusi. Alama nyeupe inapepesa
kama mtu anayesubiri umalize kumeza.
Chausiku akachomoa kipanya,
akakitia mfukoni mwa gauni.
"Hapa hatuonyeshi kwa kidole," akasema. "Andika."

Steshenari yetu ina upana wa mlango mmoja,
Buguruni kwa Mnyamani, ukipita mashine ya kusaga.
Unga hutua juu ya kibodi.
Tunachapa maombi ya kazi, mikataba ya viwanja,
barua za posa, ratiba za mazishi,
zote kwa bei ileile.

Nikaandika pwd. Ikanijibu nilipo.
Nikacheka peke yangu:
nimepanga Vingunguti, Kiwalani, Tabata Kisiwani,
vyumba sita kwa miaka minne,
na hakuna aliyewahi kuniambia nilipo
kwa mstari mmoja.

Nikaandika ls, na faili zikatoka nje
kama wapangaji waliosikia kuna bomba linatoa maji:
barua, barua_mpya, barua_mpya_kabisa,
barua_ya_mwisho, barua_ya_mwisho_kweli.
Mkdir, nikajenga chumba
bila tofali, bila mjumbe kuja kuuliza kibali.
Cd na nukta mbili, nikarudi kwa mzazi.

Mv ilinitatiza.
"Kwa nini kuhama na kubadili jina ni amri moja?"
Chausiku hakuinua macho kwenye rimu aliyokuwa akihesabu.
"Kwenu Kisarawe wanakuitaje?"
"Pazi."
"Na hapa?"
Hapa naitwa Fundi.
"Basi."

Cp alinisisitizia kila jioni wakati wa kufunga:
nakili kwanza, jisifu baadaye.
Nikaitikia ndiyo. Flashi ya nakala
nikaijaza taarabu.

Ijumaa ile diski ilijaa.
Nilitaka kufuta folda zinazoanza na neno muda,
takataka tu, mabaki ya kazi.
Rm, kistari, r, muda, nyota.
Kidole gumba kikateleza kwenye kitufe kirefu,
na kati ya muda na nyota
pakaingia pengo moja.

Haikuuliza. Haikulia.
Ls. Kimya.
Ls tena, kama anayefungua sufuria mara ya pili
akijua kabisa hakupika.

Jiji hili halijui kutupa.
Chupa ya maji ukiiachia tu, kuna kiroba kinaipokea,
kiatu kilichokufa Ilala kinafufuka Tandika,
hata kinachofika dampo la Pugu
kina watu wanaokisubiri.
Lakini rm haina jalala.
Hakuna pa kwenda kuchakura.

Chausiku hakupiga kelele. Ningependa angepiga.
Alichukua kauntabuku, akaandika kwa kalamu
majina aliyoyakumbuka: mia na kumi na saba.
Wiki tatu tuliwaomba wateja karatasi zao.
Mwinshehe alileta mkataba wa kiwanja cha Chanika
umekunjwa mara nane, unanuka karafuu;
nikauchapa upya, koma kwa koma,
hata pale alipokosea jina la jirani yake.

Kisha akaja Shomari, yule wa barua ya posa,
shati limepigwa pasi upande mmoja.
"Majibu yamekuja," akasema. "Ifuteni."

Nilitazama daftari. Barua yake ilikuwa haimo
tangu Ijumaa ile. Ningeweza kumwambia.
Nikageuza kioo aone.
Rm, nafasi moja, posa_shomari.
Nikabonyeza kwa nguvu, asikie.

Mashine ikajibu kwa Kizungu chake.
"Inasemaje?"
"Inasema faili hilo halipo."
Akasoma mstari ule muda mrefu, midomo ikicheza,
akaweka mia tano juu ya kaunta,
akatoka.

Chausiku aliitazama ile sarafu,
akaingiza mkono mfukoni mwa gauni,
akanirudishia kipanya.
Sikukichomeka.