Viwanja Kumi na Saba

Nilianza na viwanja thelathini na kimoja,
kwa kalamu nyekundu, mezani kwa Bi Winifred Prosser,
chai ikipoa pembeni.
Ekari tisa za malisho, nje kidogo ya Leominster,
zinateremka kuelekea Mto Lugg
kama mtu anayeshuka ngazi na usingizi machoni.
"Iuzwe kabla sijafa," alisema, "si baada."
Nikamwahidi miezi kumi na minane.
Nilisema hivyo. Ipo kwenye barua.

Ulianza mwaloni.
Morogoro, nilikojifunza kusimika bikoni,
mti ulikuwa alama ya mpaka, au kuni.
Huu una mita kumi na tano za mizizi kila upande,
duara ambalo hata toroli haliruhusiwi kulikanyaga.
Penye miti hapana wajenzi, walisema wahenga.
Hapa miti ipo, na wajenzi wapo,
wamekaa kwenye gari wanakula mikate,
na mti ndio unaotoa kibali.
Ishirini na nane.

Wakaja popo wa ghalani.
Ukaja mstari wa mafuriko, wa buluu,
ukapita katikati ya jiko la kiwanja namba tisa,
jiko ambalo bado halijajengwa.
Kisha ule ua wa miiba kando ya njia:
Tamsin Yapp wa halmashauri aliutembelea kwa miguu,
akahesabu aina saba za vichaka katika hatua thelathini,
akaandika: *wa kale, usikatwe.*
Tukasogeza barabara.
Barabara ikapanda juu ya bomba la maji taka.
Tukasogeza bomba.
Ishirini na mbili, na mwaka umekwisha.

Mto nao ulikuwa na neno lake.
Mto umeshiba fosfati, hautaki hata tone.
Sikuwahi kufikiri kwamba haja ya mtu
ambaye hajahamia, pengine hajazaliwa,
ingepimwa kwa gramu hadi desimali ya pili.
Nilikesha nikizidisha vyoo kwa wakazi,
wakazi kwa siku,
mpaka nikanunua haki ya kuchafua
kutoka kwa bwawa la matete la mtu mwingine,
kwa kilo, kama sukari.
Kumi na tisa na nusu.
Hakuna nusu ya nyumba. Kumi na tisa.

Aprili, saa nne usiku, mvua nyepesi,
mimi na Carys Beddoes tumeinama bwawani na tochi.
Juni ikipita hatujahesabu, tungoje mwaka mwingine.
Nilikuwa naomba, nakiri, bwawa liwe tupu.
Nikamwona mimi, wa kwanza:
mjusi wa majini, upindo wa msumeno mgongoni,
tumbo la rangi ya chungwa lenye madoa ya wino,
ananing'inia katika mwanga bila kazi yoyote.
"Ee, mrembo wewe," Carys akanong'ona.
Mimi nilikuwa nishatoa viwili.

Mwezi wa thelathini na tatu nilipeleka ramani
kwenye nyumba ya wazee, chumba cha dirisha dogo.
Bi Winifred akaishika karibu na pua.
"Hili tundu ni nini?"
Bwawa, nikasema. Linalindwa na sheria.
Akacheka mpaka muuguzi akachungulia.
"Ivor alilichimba mwaka ule wa ukame,
kwa katapila la kuazima, kwa ajili ya ng'ombe.
Alichimba vibaya. Likavuja miaka miwili.
Angejua linakula nyumba mbili
angelifukia kwa mikono."
Kisha akanyamaza, kidole juu ya tundu,
kama mtu anayepima joto la mtoto.

Usiku ule, kwenye nakala ya mwisho,
pale palipoandikwa *eneo la wazi, lisilogawiwa*,
niliongeza kwa penseli, herufi ndogo:
*Bwawa la Ivor.*

Ramani ilirudi baada ya wiki tatu.
Viwanja kumi na saba, vimeidhinishwa,
pamoja na masharti arobaini na moja.
La arobaini na moja:
*futa maandishi yasiyo rasmi.*