Msoma Nyufa

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi
napanda ngazi za nyumba namba kumi na tisa,
Tbilisi, mtaa unaoteremka kutoka kilimani,
na daftari la manispaa, rula ya chuma,
na tochi, maana balbu ya ngazini
iliondoka na mpangaji wa mwisho wa ghorofa ya tatu.

Usipoziba ufa, husemwa, utajenga ukuta.
Mimi sizibi wala sijengi.
Nalipwa kusoma.
Juu ya kila ufa tumebandika ukanda wa plasta,
mwembamba kama kidole, wenye tarehe:
ukikatika, nyumba imesogea;
ukibaki mzima, nyumba imelala.
Ndiyo elimu yote. Mhandisi Otari alinifunza kwa dakika tano
akarudi garini kumalizia mkate wake.

Aliyeijenga aliuza mafuta ya taa.
Jina lake limebaki nusu juu ya mlango,
herufi nne na msumari.
Dari la ukumbi alilichorea tausi;
sasa tausi ana mguu mmoja na mkia wa ukungu,
na samawati yake humdondokea Lamara kikombeni,
chembe kwa chembe.
Huipuliza pembeni kama utando wa maziwa, akanywa.

Kushoto, hoteli ya vioo, ghorofa kumi na nane.
Kulia, shimo.
Nyuma, palipokuwa na bomba la uani na mzabibu,
ambapo familia sita ziligombania zamu ya maji
zikaazimana chumvi kabla ugomvi haujapoa,
pana bango la kitakachokuja:
watu wembamba wanatembeza mbwa weupe,
na mahali pa nyumba hii wamechora anga.
Hata kovu hawakuliacha.

Lamara hufungua kabla sijabisha.
Miaka sabini na minane, ndani ya sweta la marehemu mumewe.
"Daktari, umekuja kumpima mgonjwa?"
Hunipa jemu ya tini kwenye kisahani
na kijiko cha fedha, kimoja,
kilichosalia ile baridi isiyo na umeme
walipobandua mbao za sakafu wakaziota moto.
Saa kumi alasiri vioo vya hoteli
humrushia jua kwenye dirisha la mashariki.
"Wamenipa machweo mawili," husema. "Angalau hilo."

Machi walianza kupigilia nguzo shimoni.
Chai ilitetemeka, duara ndani ya duara.
Nikamulika ufa namba saba, nyuma ya kabati,
nikakuta ukanda mzima.
Mzima mno.
Mweupe kuliko wenzake,
na tarehe ileile, kumi na nne Oktoba;
ila mimi nne yangu huiacha wazi juu,
na hii ilifungwa vizuri, pembe kali,
nne ya mwalimu wa hesabu
aliyeshika chaki miaka arobaini.

Kwenye sinki palikuwa na bakuli lenye ukoko mweupe.
Hakulificha.
Tukatazamana kama ndugu wa mgonjwa nje ya wodi,
kila mmoja akimwachia mwenzake aseme.

Nikisema kweli, kabla ya Ijumaa watamhamishia
ng'ambo ya jiji, ghorofa ya kumi na moja,
chumba kikavu, salama, na madirisha yasiyofunguka.
Nilipitisha kidole ukutani kando ya plasta.
Upepo ulitoka, baridi, unanuka udongo mbichi.
Ulikuwa wa shimoni.

Niliandika: hakuna mabadiliko.

Tangu hapo mvua ikinyesha usiku silali.
Najikuta nimeketi kitandani
nahesabu mihimili ya nyumba isiyo yangu,
na mke wangu, Tsiala, anauliza ni nini,
nami namwambia ni mgongo.

Jumatatu ijayo nitapanda tena.
Nimenunua kilo moja ya plasta, nzuri kuliko yake,
na kibrashi.
Nitamwonyesha pia ile nne.
Iache wazi juu, mwalimu.
Wazi juu.