Mshika Ufito

Kazi yangu ni kusimama wima.
Elfu kumi na tano kwa siku, na chai.
Nashika ufito wenye mistari myekundu na myeupe
na sitikisiki mpaka Tusajigwe, ng'ambo ya mpunga,
atoe jicho kwenye darubini, apunge mkono: nimekusoma.

Ramani ya zamani anaibeba ndani ya bomba la plastiki.
Juzi usiku, Mnazi Mmoja, aliitandaza juu ya meza ya mama lishe,
pembe moja akaikandamiza kwa chupa ya pilipili.
Lukuledi humo ni uzi wa buluu,
mwembamba, mtiifu, umelala mahali pake
kama mtoto aliyeambiwa kuna wageni.
Nikacheka. Mama lishe akachungulia, naye akacheka.
Huu mto uliobeba ghala la korosho la chama,
magunia, mizani, na mlango, kufuli bado limefungwa!
"Aliyeuchora alikuja kiangazi," alisema Tusajigwe,
akafuta tone la mchuzi lililoangukia Mtama.

Sasa tunaupima upya. Mkoa mzima, anasema,
toka Matandu hadi huku, bonde kwa bonde,
ijulikane zahanati ijengwe wapi,
king'ora kifungwe nguzo ipi,
watu wakimbilie mlima gani, na kwa njia isiyokatika.
Kompyuta inataka namba, na namba hazipo,
kwa hiyo tunapiga hodi: maji yalifika wapi?

Mmoja anashika kiuno.
Mwingine anatupeleka kwenye mkorosho,
kipande cha khanga bado kimenasa kwenye tawi la tatu.
Mwalimu Nachihangu anatuonyesha ukuta wa darasa,
jedwali la sita lililoandikwa kwa rangi:
sita mara nne linasomeka;
kuanzia sita mara tano, ni tope.

Kwa shangazi Somoe hatukuuliza.
Alifungua mlango, akatusomea fremu,
kidole juu ya mikato ya kisu:
Hemedi, miaka minne. Hemedi, sita.
Hapa maji, mwaka nilipomzaa Sharifa.
Hemedi, kumi na moja.
Hapa maji tena.
Hemedi, siku anaondoka kwenda Nachingwea.
Na huu wa juu, wenye mkaa, maji.
"Walikuwa wanakua pamoja," alisema.
"Hemedi ameacha. Maji bado."

Kisha akanivuta uani.
"Nasikia mkitupaka nyekundu ndiyo basi,
hakuna hati, hakuna mkopo, litakuja greda.
Si wewe unayeshika huo ufito?
Usimamishe pale, kwenye jiwe la kuogea.
Shubiri moja tu, mwanangu. Mto hautapungukiwa."

Jiwe nalijua. Juu yake nimesuguliwa visigino
mpaka nikalia.
Nikapanda. Nikausimamisha.

Tusajigwe aliinama kwenye darubini,
akakaa humo muda mrefu.
Hakupunga.
Hakuita, hakutuma mtu, hakufanya lolote,
alingoja tu, na jua lile la saa saba,
na mimi natazama mlango ulio wazi,
mkato wa mkaa ulionipita kichwa.

Nikashuka.
Akapunga.

Jioni tuliletewa mihogo ya kuchemsha, sahani moja.
Mtoto aliyeileta alisema: ya mgeni.

Kwenye ramani mpya mto ni mpana kama mkeka,
umekalia mpunga, umekalia shule,
na nyumba ile, nimeitafuta kwa taa ya simu,
imo ndani, mbali na ukingo,
hata shubiri kumi zisingeitoa.
Hilo sijamwambia shangazi. Haongei na mimi.

Mvua wanasema wiki ya pili ya Januari.
Nimempigia Hemedi, aje na mkokoteni.
Kuna kiwanja juu, karibu na tangi la maji,
udongo mwekundu, mbali na kisima.
Amejibu: nakuja Jumamosi.
Mama usimwambie.
Na ile fremu, tuing'oe taratibu, isivunjike.