Kurasa za Nyuma

Daftari la Sihaba lina milango miwili.
Kwa mbele wanaingia wadeni:
Mama Shukuru, unga kilo mbili na kiberiti;
fundi Mrope, sigara tatu, sabuni kipande;
mpangaji wa chumba cha uani, "atalipa Jumamosi".
Kwa nyuma, ukiligeuza kichwa chini,
naingia mimi peke yangu.

Dada yangu ndiye aliyeanza.
Mwaka niliotoka mchangani pale Mtoni
kwenda kutia saini mkataba wa karatasi moja,
alichukua kalamu ya dukani akaandika:
Bao la kwanza. Dakika ya themanini na nane.
Hakuuliza lilikuwa zuri au baya.
Lilimgonga beki sikioni, likanigonga mimi, likaingia.
"Si haba," akasema. Jina lake hulitumia
kama wengine wanavyotumia chumvi.

Ligi yetu haina kamera.
Refa akikosea, amekosea milele.
Kule Kasulu nilipinda mpira mmoja
hadi kipa mwenyewe akapiga makofi,
mshika kibendera akanyoosha mkono
kama mtu anayesimamisha bodaboda.
Nimeotea.
Hilo nalo limo. Sihaba amelipigia mstari,
hakulifuta.

Wananiita Nusu Saa.
Kocha husubiri dakika ya sitini,
atazame saa, atazame mawingu,
ndipo aniite, kana kwamba mimi ni mwavuli.
Nusu saa za mguu huu wa kulia
zimenilisha miaka kumi na minne:
Songea, Bariadi, Tukuyu,
siku mbili ndani ya basi kuukuu, chipsi kavu, kurudi usiku.
Mshahara wa Machi ulikuja Juni.
Wa Juni bado haujapata nauli.

Kwa hiyo nimecheza ndondo, ndiyo,
kwa jina la Hashimu wa Tandika,
fundi friji asiyejua hata kupiga danadana.
Fainali ya Mbagala zawadi ilikuwa fahali.
Nikapata shingo, mapafu na elfu themanini.
Nilifunga matatu.
Sihaba alikataa kuyaandika.
"Hayo ya Hashimu. Aandike dada yake."
Nyama aliipika.

Na ile Jumatano, Uwanja wa Uhuru,
walisema mtu wa timu kubwa yupo jukwaani,
kofia ya bluu, karatasi mapajani.
Nilipasha misuli tangu dakika ya kumi.
Nilipasha hadi nyasi zikanijua.
Dakika ya hamsini na tano kofia ikasimama,
ikajikung'uta, ikashuka ngazi,
kuwahi foleni ya Barabara ya Kilwa.
Ya sitini nikaingia.
Mawili, moja kwa kisigino.
Tazama, yamo humu, na tarehe yake.

Siku hizi asubuhi nabeba mitungi ya gesi.
Jioni kijana Lukasi, miaka kumi na tisa,
huniamkia shikamoo kabla ya mazoezi,
kisha hunipita kama nguzo ya umeme.
Jezi namba tisa inamwenea.
Nilitaka imbane kidogo.

Jana madeni yalifika.
Wino wa mbele umekutana na wino wa nyuma:
kwa huku mchele wa Mama Shukuru,
kwa kule bao la sitini na moja, penalti,
tulipokuwa tumeshafungwa manne.
Katikati umebaki mstari, labda miwili.
Mteja amesimama dirishani, anataka sukari robo.
"Umemaliza?" ananiuliza dada,
bila kuinua kichwa.

Goti langu liko juu ya kreti la soda,
nimelifunga barafu za ubuyu kutoka friji yake,
maji mekundu yanachuruzika hadi kwenye ndara.
"Mwandikie robo yake," nasema.
"Ila bana mwandiko."

Sihaba anamtazama mteja, ananitazama mimi.
Anaandika, herufi ndogo mno,
akiegemea ukingo wa karatasi.