Kidonge na Bakuli

Ngazi kumi na moja za zahanati yetu, Naryn:
Burulcha amepumzika mara tatu.
Nashusha kope lake. Ndani peupe,
kama nyama iliyooshwa ikaoshwa tena.

"Siku ngapi?" "Tisa."
"Mabonge?" Anatazama viatu.
"Kama yai."

Damu saba nukta nane. Vidonge vya chuma nilimpa
theluji ikiyeyuka; sasa inaanguka upya
na namba haijapanda.
"Unavimeza?" "Sijaruka hata kimoja."
"Kwa nini?"
"Kwa chai," ananijibu,
kana kwamba nimeuliza samaki anaishi wapi.

Kumbe chai!
Mama mkwe humimina nusu bakuli, asije mtu akajiona anafukuzwa,
kisha tena, na tena,
na chuma chote kinapotelea humo.

Naandika: picha ya mfuko wa uzazi, Jumanne.
Dawa ya kupunguza hedhi.
Kidonge kwa maji; chai baada ya saa mbili.
Anakunja karatasi mara nne.
"Maji matupu, mbele yake? Atadhani nimenuna."

Naikunjua. Naongeza chini, herufi kubwa:
Saikal-apa,
hayo maji
mmiminie wewe.