Mchinjaji wa Khani

Mkono wangu wajua, moyo wa kondoo, joto,
Kifua nakipasua, mkono upate pito,
Naubana, yapungua, mapigo yake mazito:
Damu haigusi nyasi, ndiyo sheria ya kwetu.

Baba alinifundisha, kando ya mto Itili,
Mbingu huitetemesha, tone moja, si mawili,
Na mtoni kujiosha, radi haikosi mwili.
Damu haigusi nyasi, ndiyo sheria ya kwetu.

Jana Khani kaamka, akajiosha mtoni!
Nangoja radi kushuka, nimejibanza garini,
Mbayuwayu tu karuka, akatua majanini.
Mbingu haikunong'ona, wala sheria ya kwetu.

“Chaghatu,” akaniita, “shika kisu, si mkono,
Shingoni ndipo kukata, utamke kwanza neno.”
Ulimi wangu wasita, likakwama penye meno:
“Damu haigusi nyasi, Khani, sheria ya kwetu!”

Hakufoka. Kwa magoti, mwanakondoo kashika,
“Hata mimi,” kwa sauti ya chini, “natetemeka.”
Neno likatoka kati ya meno; kisu chashuka.
Damu ikagusa nyasi, nyasi za nyika ya kwetu.

Nomoluni hakuonja nyama ile, hata leo.
Nilikula pande moja, nikatazama upeo.
Mkono bado wangoja lile joto la kileo.
Asubuhi nimenawa. Mto ni ule wa kwetu.